Muhula Mmoja

Mimi ndiye niliyeshika daftari la Asheri Mbwilo
tangu duka likiwa kibanda cha mlango wa bati
ambao upepo wa Makambako uliupiga usiku kucha
kama mdai.
Alishuka kutoka Makete na magunia mawili ya viazi,
blanketi, na Kiswahili kinachonuka moshi wa Ukinga.
Misumari aliipima kwa kikombe cha chai.
Mwaka wa nne, msumeno. Mwaka wa saba, Fuso,
ubavuni kaandikisha: NDUGU LIPA.

Wakaja watu wa chama, jioni ya ukungu,
wakamaliza chupa mbili za chai, wakasema,
"Mbwilo, wewe una watu."
"Ninao," akajibu, "mia nne kumi na sita.
Tumwitike, lete daftari."
Wakacheka mpaka wakapaliwa.
Yeye hakuwa anatania.

Tulifunga daftari ili kura zipite.
Zilipita.
Daftari likagoma kufunguka:
nani amdai mpiga kura wake saruji?

Dodoma alikwenda na suti mbili, moja imemzidi mabega.
Mimi nikabaki na redio juu ya debe la rangi,
miaka mitano, katikati ya kelele za randa,
nikaisikia sauti yake mara tisa.
Mara ya sita aliulizia paa la zahanati ya Idunda.
Akajibiwa, Serikali inatambua.
Akasimama tena, swali la nyongeza:
"Inatambua kwa mbao ngapi?"
Ukumbi ukacheka.
Mchakato ukaendelea.

Wiki ile Fuso lilipanda Idunda,
mbao mia mbili na kumi, mbili kwa nne,
zimepakwa dawa, mabati juu yake.
Niliandika: Idunda, hakuna malipo.
Mvua ya kwanza ilipopiga paa watu walisema,
"Si hela zetu hizo? Mwizi karudisha kibaba."

Huku nyuma mpwa wake aliuza mashine ya randa
kwa bei ya baiskeli.
Fuso likalala juu ya mawe,
kuku wakataga chini ya usukani,
rangi ikabanduka kwa jua na baridi
mpaka ubavuni likabaki neno moja,
NDUGU.

Kura za maoni zilihesabiwa kwa taa ya chemli:
kijana mgeni, mia mbili na mbili,
Mheshimiwa, tisini na saba.
Alikuja dukani usiku ule ule.
Akavua koti, akalitundika kwenye msumari,
akauliza, "Inchi nne sasa ni shilingi ngapi kilo?"
Nikamwambia.
"Imepanda," akasema.
Ndiyo hotuba yote.

Bado wanamwita Mheshimiwa,
hasa wanaotaka kukopa.
Anaitika. Kisha ananitazama, nami nafungua ukurasa.

Jambo moja sijaliandika popote.
Nilikuwa mjumbe. Karatasi yangu niliikunja mara nne
na jina lake halikuwamo.
Duka lilikuwa linanifia mikononi,
na yeye peke yake alijua kuisoma mbao kwa kuigonga,
akasikia ndani kama kuna mchwa.

Jana aligonga kaunta, vidole viwili, taratibu,
mbele yangu,
akanyamaza kidogo,
kisha akaniomba kile kikombe.