Namba Zilizofutika

Kila asubuhi kabla ya shule
Nahuel wa ghorofa ya juu hunitilia uzi sindano kumi na mbili,
huzichoma kwenye kifuko cha pamba, kila moja na mkia wake.
Ujira wake mkate uliopakwa jamu.
Zikiisha kumi na mbili, siku imeisha. Nafunga duka.

Mwaka juzi nililia.
Nililaumu taa, nikalaumu nyuzi za siku hizi,
nikamlaumu hata aliyetoboa tundu.

Leo Bwana Hermógenes Oyarzún, mwendesha kreni mstaafu,
amepanda ngazi mia na sitini na mbili kutoka bandarini.
Pumzi zake zilibisha hodi kabla yake.
Anataka suti: mjukuu anaolewa mwisho wa Machi.
"Tumia vipimo vya zamani," anasema,
"mwili wangu unaujua, Zunilda."

Naujua. Umo daftarini tangu mwaka wa themanini na moja:
kifua mia na nne, kiuno themanini na mbili,
mguu wa suruali themanini na tatu,
na pembeni, kwa mwandiko wangu wa usichana: *anacheka sana*.

Anavuta tumbo ndani,
anabana pumzi kama mpiga mbizi.
Nangoja.
Ushonaji nusu yake ni kungoja,
na tumbo la kuvutwa halimalizi harusi.
Linarudi polepole, bila haya,
kama paka aliyefukuzwa jikoni.

Kiuno mia na moja.
Bega la kulia limeshuka vidole viwili,
ndilo lililovuta wenzo miaka thelathini,
likishusha makontena ya watu wasiomjua.
Mguu wa suruali sabini na tisa.

"Umekosea. Mtu mzima hafupiki."
"Hufupika. Wewe ni gunia la unga, Hermógenes.
Limetikiswa miaka sabini na mitatu.
Unga ni uleule, umejipanga tu."
Ananyamaza kidogo, chaki yangu ikimpita mgongoni.
"Na maini?"
"Ng'ombe hazeeki maini. Lakini maini sipimi."
Hapo akacheka, nami nikaona daftari halikusema uongo.

Zamani ningelijaza bega lile pamba,
nikaidanganya picha ya harusi na vizazi vyote vitakaoitazama.
Safari hii nimelikata koti lifuate bega,
literemke linapoteremka,
na ndani ya mishono nimeacha kitambaa cha akiba
upana wa kidole, kila upande.
Mwili bado uko safarini, sijui utakakolala.

Usiku, mlango umefungwa, ukungu umepanda toka baharini,
nikavua blauzi mbele ya kioo cha wateja.
Ishirini na sita, miaka hiyo, sijawahi kujipima.
Futi kamba yangu imefutika namba za mwanzo,
vidole vimezila moja hadi kumi na tatu,
kwa hiyo huanzia kumi na nne, kisha natoa.
Nikatoa.
Kifua kimekwenda kiunoni kusalimia.
Kiuno, sikukiona mara moja, nilikitafuta kwa mkono.
Mikono juu ina ngozi ya ziada, kama bitana iliyokatwa bila haraka.
Shingo ina mistari mitatu, nikaisoma kwa kidole,
miwili naikumbuka ilivyokuja.

Nilitegemea huzuni. Nilikuwa nimeiwekea kiti.
Ilichokuja ni udadisi, ule wa kitambaa kigeni mezani:
huu unaangukaje? Unapenda mshono gani?
Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina langu lote,
tarehe, namba,
na pembeni, baada ya kufikiri sana, nikaandika: *asibanwe*.

Asubuhi Nahuel amekuja mbio, suruali yake juu ya kifundo.
Ametia uzi sindano kumi na moja tu, kengele ikamwahi.
Haya.
Leo tutafunga mapema.