Kiungo cha Kumi na Saba

Wesha, saa mbili usiku. Mtaro bado wazi,
na mkuu wa mradi anataka ufukiwe:
kesho wageni, kesho utepe, kesho mkasi.
Bi Mize Shaame hainui macho.
Anaitazama sindano ya geji
kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Magharibi ilisimama kwenye sita.
Sasa tano na nusu.

"Ni baridi tu," anasema mkuu.
"Baridi ya Pemba hii?"

Bomba halijabeba kitu.
Tumelijaza maji ya mvua,
ili likitaka kutuaibisha
lituaibishe kwa maji safi.
Wiki ijayo litabeba yale ya chini ya matangi,
yanukayo dizeli, yakienda kuoshwa kwenye pipa la makaa;
na jiwe letu la matumbawe halijui kutunza siri.
Ulimwagialo hapa litamfikia jirani,
na jirani ana ndoo.

Basi twaenda kwa magoti,
mimi na tochi, yeye na povu la sabuni
na brashi ya kunyolea ya marehemu mumewe.
Kiungo cha kumi na saba kikavimba shavu,
kikapasuka,
kikavimba tena.

Akakifungua. Akang'oa tepu ya jana, tepu yangu,
wala hakusema ya nani.
Akazungusha mpya, ncha ya ulimi nje,
kama mshona kofia afikapo kwenye ua.

Alfajiri, sita.
Saa nne, sita.
Ndipo akasema: fukieni.

Wageni walipofika
hapakuwa na cha kuona.