Bawaba

Wamono, umestaafu Magereza,
kiinua mgongo kiko mfukoni, umekuja Namakwekwe
kuniuliza nyumba za kupangisha hujengwa vipi.
Vua viatu. Sakafu imepigwa deki.

Kiwanja usikitazame Januari.
Januari kila kiwanja ni kikavu na kila dalali ni mlokole.
Nenda mvua ikishuka kutoka Masaba,
simama kando ya Nabuyonga, tazama kuta za majirani:
ule mstari wa tope, usawa wa kiuno,
ndio hati ya kwanza.
Ile ya karatasi ipeleke ofisi ya ardhi mwenyewe,
si kwa mkono wa anayekuuzia.
Na waulize wa mpakani, wote wanne.
Mmoja akinyamaza, rudi jioni na kilo ya sukari.
Akinyamaza tena, funga mkoba.

Mimi nilianza na vyumba viwili na choo.
Choo kwanza! Mpangaji husamehe dirisha dogo,
foleni ya asubuhi hasamehi.
Viwili vikapandisha cha tatu,
cha tatu kikanunua mabati ya cha nne,
miaka kumi na mmoja, bila benki kunipigia simu.

Kila mlango na mita yake ya Yaka.
Kabla ya hapo nilikuwa hakimu wa pasi,
nani kachemsha maharagwe usiku, nani kalala na redio.
Nilizeeka kwa taa za watu.

Chumba cha laki moja kikilala miezi miwili
kimekula laki mbili.
Mpangaji mzuri akiomba umpunguzie elfu kumi,
itakuchukua miezi ishirini kupoteza kiasi hicho.
Mpunguzie. Mwandikie risiti.
Ndugu usiwapangishe. Hata mimi shangazi yako
usinipangishe.

Na akichelewa?
Hilo ndilo lililokuleta, naona unavyozungusha kikombe.
Mwezi wa kwanza zungumza. Wa pili andika,
nakala kwa mwenyekiti wa LC.
Namba nne, Akiteng, hushona sare;
shule zilipofungwa cherehani ikanyamaza.
Deni lake nililihesabu kwa mapazia, madirisha manane.
Limebaki la mwezi mmoja. Liko daftarini,
kwa penseli.

Ipo njia nyingine, utaisikia sokoni:
ng'oa mlango.
Nenda na fundi mchana, mwenyewe yuko kazini,
ubebe mlango kichwani, utalipwa upesi.
Ni kweli. Wanalipa. Mimi nililipa.

Walukuba, Jinja, mwaka uliozaliwa.
Nilitoka kiwandani nikakuta mwanya,
sufuria zangu zinatazama barabara.
Nilitundika leso, nikalala nimekaa,
Khainza mgongoni, panga mapajani,
na kila aliyepita alipunguza mwendo.
Usiku tatu. Nikakopa, mlango ukarudi,
lakini haukukaa sawa tena,
ulikwaruza sakafu kila ulipofunguliwa
na mtoto alishtuka kila ulipokwaruza.

Wewe umefunga milango ya watu miaka ishirini na miwili.
Hujawahi kulala pasipo mlango.

Kwa hiyo nilipojenga nilimwita fundi wa kuchomelea,
milango minane, bawaba ishirini na nne,
nikamwambia zote azichomelee, isitoke hata moja.
Akaniuliza, mama, unaogopa wezi gani?
Nikamwambia, chomelea.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya namba sita,
miezi mitatu hajalipa, na muziki juu,
bisibisi mkononi mwangu.
Niliitafuta skrubu. Nilipapasa chuma kote, laini,
kama kovu.
Nikarudi ndani, nikaandika barua.
Ilichukua siku tisa. Kalipa nusu.