Kidato Kisichokuwepo

Umeme umekatika tena Kadutu, hesabu ikiwa asilimia sitini na moja.
Kompyuta ikafumba jicho bila kuaga.
Nikachukua penseli. Molekuli haihitaji umeme kuchorwa.

Katikati pete ya benzini,
kulia na kushoto vifungo: viwili, kimoja, viwili, kimoja,
kama mtu anayetunga shanga bila haraka;
ncha hii nitrojeni, ncha ile nitrojeni,
matajiri wa elektroni walioketi pande mbili za benchi
wakisukumia mali yao katikati.

Bisimwa, mwanafunzi wangu, ana swali moja tu:
kwa nini fotoni mbili, Madamu, na moja ipo?
Moja ya bluu inatosha, nikamwambia,
ila huishia kwenye ngozi, haifiki kwenye ini.
Ile nyekundu ya mbali, isiyoonekana,
hupenya nyama kama maji mchangani,
lakini ni dhaifu, peke yake haiinui kitu.
Zije mbili. Pamoja. Si moja kisha nyingine.
Akaandika "pamoja", akapiga mstari, hakuelewa.
Hata mimi, kusema kweli, nilikuwa naijua kwa hesabu tu.

Asubuhi, kwenye ngazi zinazoshuka sokoni,
pale mvua ya Aprili ilipokula kidato kimoja
ikaacha shimo la tope jekundu,
Murhula alikuwa anapandisha friji ya Mama Ntakwinja.
Akakanyaga hewa. Akateleza, friji kifuani,
wauza ndizi wakapiga kelele.
Cirhuza akampokea, naye akakanyaga hewa ileile.
Ndipo wakaishika huku na huku: moja, mbili,
na kwa muda mfupi kuliko kupepesa
wote wawili wakasimama juu ya kidato ambacho hakipo.
Friji ikafika juu.

Nikarudi nyumbani na viatu vya tope.
Nikarefusha daraja kwa pete moja zaidi.
Nikalinyoosha, maana pete iliyojipinda hukata mazungumzo,
elektroni hufika konani na kugeuka.
Katikati nikatundika siano mbili, zenye njaa:
sasa matajiri wana wa kumpa.
Ukiongeza mwanga mara mbili, hii itameza mara nne;
mara tatu, tisa.
Ndiyo maana itawaka pale tu miale inapobanana,
nukta ndogo kuliko chembe ya unga,
na kandokando yake giza.

Labda.

Leza ya kunithibitishia haipo Bukavu.
Unga wa ile molekuli ya kwanza, wa njano, miligramu kumi na nane,
umo ndani ya kichupa cha dawa ya macho
ukingoja mtu anayesafiri.
Bisimwa ameuliza kama hii mpya tuipe jina.
Nimemwambia: kwanza umeme urudi,
tusikie asilimia thelathini na tisa zilizobaki zinasema nini.