Siku Moja na Nusu

Nimeandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi
kwa kalamu ya Duoduo yenye wino wa zambarau:
Jumamosi, treni ya saa moja na dakika arobaini,
Taiyuan hadi Pingyao, viti vinne, kimoja dirishani.
Saa tatu, lango la kusini.
Saa tatu na robo, ukuta.

Mume wangu ameinama begani pangu, anahesabu kwa kidole:
malango sita, benki ya zamani, hekalu,
nyama ya ng'ombe ya chumvi, tambi za shayiri.
"Tukikaza mwendo tutauzunguka wote. Kilomita sita tu!"
Wanasema mji ule ulijengwa kwa umbo la kobe,
kichwa kusini, mkia kaskazini,
na sisi tumeupangia miguu ya sungura.

Mama mkwe yuko mezani, hasemi kitu.
Anamenya vitunguu saumu vya mwezi wa kumi na mbili,
anavitumbukiza mmoja mmoja katika chupa ya siki
ambamo vitageuka kijani kabla ya mwaka mpya.
Hou Cuilan. Miaka themanini na moja.
Amezaliwa ndani ya ukuta huu ninaoukatia dakika.

Nikamuuliza: Mama, niongeze nini?
Akafuta vidole kwenye aproni,
akaishika bahasha mbali na macho
kama risiti ya duka asiloliamini.
"Huu ukuta, mnalipa kuupanda?"
Tunalipa. Ila wewe, kwa umri wako, bure.
Akacheka puani.
"Sisi tuliushusha."

Na akaendelea kumenya huku akisema:
baridi ya mwaka ule jiko lao lilipasuka,
kitanda cha matofali kikalala bila moto chini yake,
wadogo zake wakikohoa kwa zamu.
Kila mtu kichochoroni alikuwa na toroli.
Baba yake alikwenda usiku mmoja tu,
akarudi na matofali kumi na moja,
makubwa, ya kijivu, yenye barafu mgongoni.
Asubuhi nyumba ilikuwa na joto
na ukuta una pengo la kupita mbuzi.

Kumi yamebaki huko, chini ya nyumba isiyokuwapo.
La kumi na moja tunalo.
Miaka kumi na sita ya ndoa nimelinyanyua kila vuli,
nikalisugua, nikalirudisha juu ya kabichi ya chumvi
katika mtungi ule wa roshani,
nikidhani ni tofali.

"Niandikie hilo," akasema.

Mume wangu akakaa chini.
Duoduo akauliza kama bibi atafungwa.

Basi nimepanga upya.
Nimelipima: kilo nane na gramu mia mbili.
Nimesoma orodha ya vilivyokatazwa kwenye treni,
fataki, petroli, visu, kuku aliye hai.
Tofali halimo.
Nimefuta benki. Nimefuta hekalu, na malango matano.
Nimempigia simu Bwana Gui wa nyumba ya wageni
kumuuliza ni upande gani wa ukuta hauna kamera;
akadhani nataka kuchonga jina langu, akakata.

Mama hakumbuki lilitoka wapi hasa.
Mashariki, labda, palipokuwa na mfua vyuma.
Mama, lile pengo limeshazibwa. Walikarabati.
"Najua. Siendi kuziba."

Kwenye bahasha imebaki mistari mitatu:
treni;
supu ya moto, kwa ajili ya magoti yake;
ukuta, upande wa mashariki, muda: atakavyo.

Usiku nimetoka roshani na tochi.
Tofali limeshaviringishwa taulo, limekaa mlangoni na viatu.
Kabichi, iliyoachwa peke yake, imeanza kuinuka,
jani kwa jani, juu ya maji yake.
Nimeikandamiza kwa kiganja. Chumvi imenipanda hadi kwenye saa.
Nimesimama hapo, mkono ndani ya mtungi,
nikitafuta kichwani ni kitu gani katika nyumba hii
chenye uzito wa kutosha.