Mita Mia Mbili

Mkataba wangu ulikuwa wa mita mia sita.
Mzunguko wa kwanza kwa sekunde hamsini na saba,
si hamsini na sita, si hamsini na nane,
kisha nusu ya mzunguko wa pili, kisha
nichepuke kwenye nyasi
kama mtu aliyekumbuka sufuria mekoni.

Sungura, ndivyo tunavyoitwa.
Yule wa hadithini alikula karanga za watu akaponyoka.
Mimi nililipwa niponyoke,
karanga wakala wengine.

Miaka kumi na mmoja. Oslo, Doha, Zagreb,
na Kasarani kukiwa na mvua.
Tafuta jina langu kwenye matokeo, chini kabisa,
baada ya yule aliyeteguka kifundo:
Syokau Mutinda, hakumaliza.
Jerubet alivunja rekodi nyuma ya mgongo wangu.
Alinikumbatia, jasho lake likanilowesha bega,
asante dada, akasema,
kisha wapiga picha wakaniomba nisogee kidogo.

Mwikali alipokuwa na miaka minne
shangazi yake alizoea kuzima runinga nikiwa bado mbele.
Shuleni mtoto akatangaza: mama yangu hajawahi kushindwa.
Hakusema uongo.
Sikuwahi kuwepo mahali ambapo kushindwa kunafanyika.

Jumamosi nimekimbia ya mwisho, Uwanja wa Nyayo.
Goti la kushoto lilikuwa limeshatia saini kabla yangu.
Kocha Wafubwa alinipa soda na bahasha,
macho yake yakiwa kwenye saa:
"Hamsini na saba nukta moja,"
kama anayemsifu fundi kwa ukuta ulionyooka.

Chumbani kwa kubadilishia nguo nikageuza bahasha, nikapiga hesabu.
Mbio tisini na nne.
Kila moja, mita mia mbili nilizowaachia wenzangu.
Kilomita kumi na nane na mita mia nane.
Ni kama kutoka hapa hadi kwangu Rongai,
ukijumlisha kona ya kupitia dukani.

Nikavaa ndala. Viatu vya misumari nikavining'iniza shingoni.
Nikaishika Barabara ya Lang'ata kwa miguu.

Hakuna aliyenifuata,
na jambo hilo lilinisumbua mpaka Wilson,
kwa kuwa kisogo changu kimezoea pumzi za watu.
Ndege ndogo ilikimbia njia yake yote, yote,
ndipo ikaiacha ardhi.
Makaburini, wauza maua walikuwa wakifunga.
Mle ndani kila mtu amemaliza,
wala sikuona medali.
Bomas nikanunua hindi la kuchoma, ndimu na pilipili,
nikalila punje kwa punje,
mimi niliyekula miaka yote nikitazama saa.

Kwenye Barabara ya Magadi, nyuma ya ua wa mbuga,
ngiri mmoja alitoka kichakani, mkia juu kama bendera,
akakimbia sambamba nami hatua thelathini hivi, mbele kidogo,
kisha akakata kona, akazama majanini.
Nikacheka mpaka nikashika ua.
Mwenzangu wa kazi! Na yeye nani anamlipa?

Giza lilinikuta kwenye daraja la Mbagathi.
Goti liliomba, nikalikatalia.
Zamani ningelisikiliza; zamani lilikuwa mali ya wakala.
Nilipita dukani, nikanunua mkate na chumvi,
maana hesabu ni hesabu.

Mwikali, sasa ana miaka kumi, alinifungulia mlango.
Akatazama vumbi magotini, akatazama viatu shingoni.
Siku hizi hakuna wa kumzimia runinga.
"Mbona umechelewa hivyo? Leo umekuwa wa ngapi?"

Niligeuka nikaitazama njia.
Mbwa wa jirani, taa ya kibanda cha mkaa, basi.

"Wa mwisho," nikamwambia,
na neno hilo, ambalo halijawahi kuwa langu,
nikalirudia taratibu,
nikimpa mkate, nikimtuma beseni.