Kifungu cha Nne

Alfajiri tunapiga kwata kwa Kiswahili,
saa mbili tunafungua kompyuta kwa Kiingereza,
na usiku, ndani ya chandarua, naota kwa Kilugbara
nywila za herufi kumi na mbili
ambazo mama asingeweza kuzisoma.

Hapa Jinja umeme hukatika
huku bwawa likinguruma pale chini.
Afande Byabashaija hucheka gizani:
"Andikeni. Kukaa karibu na chanzo
si kuwa na mwanga."
Upepo wa Kakira unatuletea moshi wa miwa.
Tunaandika.

Tumejifunza kuta za moto zisizochoma,
minyoo isiyokaa tumboni,
milango elfu sitini na tano katika mashine moja
na hakuna hata bawaba.
Stashahada ya ujasusi na operesheni za mtandao:
shangazi huko Arua huwaambia watu
nasomea ufundi wa simu.

Wiki ya tisa tulichota vikaratasi ndani ya kofia.
Kila mtu amchunguze mwenzake.
Vyanzo vya wazi tu: hakuna kudukua, hakuna kuuliza.
Vifungu vinne.
Jamaa. Nyendo. Pesa. Udhaifu.

Mimi nikamchota Koplo Okwir wa Lira,
akaaye nyuma yangu, agongaye kalamu mezani.

Siku mbili zilitosha.
Kivuli cha mnara katika picha ya harusi kikanipa saa,
kibao cha duka kikanipa mtaa.
Katika ukurasa wa kanisa lao, watoto wawili
wamevaa kitambaa kimoja, Apio na Acen,
Krismasi, kisha Pasaka, kisha
kuanzia Juni, gauni moja.

Nikaendelea kutafuta. Ndiyo kazi.
Muuza viatu wa soko kuu hupiga picha wateja wake:
Okwir, Septemba, hatabasamu,
mkononi jozi mbili,
namba ishirini na sita zote.

Nikakaa mbele ya kioo hadi feni ikazimika.
Kifungu cha nne nikaandika:
*Haujabainika.*

Nilipata sitini na moja.
Afande alizungusha wino mwekundu:
"Sajini Candiru, jasusi hafumbi macho. Hufumba mdomo.
Wewe umefumba vyote."

Okwir alipata themanini na nane.
Kikaratasi chake kilikuwa na jina langu.
Aliichimbua insha yangu ya sekondari,
mshindi wa tatu, wilaya nzima,
iliyosahauliwa katika tovuti ya shule:
jinsi mama alivyotuficha chini ya ghala
kila sauti ya Kiswahili ilipobisha mlango.
Mistari kumi na minne. Hakuongeza chumvi.
*Udhaifu: amri ikitolewa kwa Kiswahili
mhusika huchelewa kama sekunde moja.
Nimepima mara saba.*

Kumbe ile kalamu ilikuwa ikihesabu.

Hakuniangalia. Nami sikumwambia
kilichokuwa katika rasimu yangu ya kwanza.

Kesho yake, umande bado majanini,
sauti ikapasuka: "Nyuma… geuka!"
Nikageuka.
Nikachelewa, najua nilichelewa,
kisogo cha Okwir kilikuwa mbele yangu tayari,
kimenyooka, kimenyolewa vizuri,
na buti zake zimeng'arishwa.

Jozi moja.
Nilihesabu.